Dashibodi inasema 30, geji ya fundi inasema 32: nimwamini nani?

Mhamiaji wa Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo kutoka kwa wenye uzoefu wa magari, hasa walioko hapa Dodoma, kwa sababu nahisi jambo langu lina uhusiano na mahali, ingawa sijui ni uhusiano gani.

Nina gari dogo la mwaka 2015, injini ya cc 1,400, nililoliagiza kutoka Uingereza likiwa limetumika. Nililiendesha Dar es Salaam kwa miaka miwili, kisha nikahamishiwa kikazi Mtumba, nikapanga Ilazo. Dashibodi yake huonyesha mambo mawili ambayo huwa nayafuatilia sana, pengine kupita kiasi kama anavyodai mke wangu: wastani wa kilomita kwa lita, na upepo wa kila tairi kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka bar 2.2, yaani psi 32, kwa matairi yote manne.

Nilipokuwa Dar, namba ya dashibodi na ya geji ya fundi zilikuwa zikilingana, na kama zilipishana basi ni kidogo tu. Tangu nihamie huku hazijalingana hata siku moja. Juzi asubuhi, gari likiwa limelala nje usiku kucha, dashibodi ilionyesha 30 kwa matairi matatu na 28 kwa la nyuma kushoto. Nikaenda polepole hadi kwa fundi wa mtaa wa pili, mwendo usiofika kilomita moja. Akapima ya mbele, geji ikasoma 32, akarudishia vifuniko vya valvu na kuniambia, "Bosi, upepo upo wa kutosha, hizo za kwenye kioo ni urembo tu." Wala hakunitoza.

Kwenye mafuta nako kuna kitendawili. Mwezi uliopita nilijaza tanki hadi pampu ikajikata yenyewe, nikarudisha kihesabu safari kwenye sifuri, nikaendesha kilomita 412 za kwenda na kurudi kazini pamoja na safari moja ya Kibaigwa, kisha nikajaza tena kwenye sheli ileile. Risiti ya EFD inaonyesha lita 32.7. Nikigawanya napata kilomita 12.6 kwa lita, lakini dashibodi ilikuwa imeandika 13.7. Kwa mtu anayepanga upya bajeti yake kila EWURA inapotangaza bei za mwezi, tofauti hiyo si ya kupuuza.

Je, sensa za gari langu zimechoka, geji ya fundi ndiyo mbovu, pampu ya sheli inanipunja, au ni mimi nisiyejua kupiga hesabu? Niongeze kwamba mwaka jana nilibadilisha matairi yote manne, nikafunga ya 185/65R15 kwa kuwa ya 195/65R15 yaliyokuja na gari yalikuwa ghali zaidi dukani. Sijui kama hilo nalo limo.

Mwalimu wa Fizikia, Kongwa

Ndugu Mhamiaji, karibu sana Dodoma. Mimi nitazungumzia upepo peke yake, mafuta nawaachia wenye nayo.

Inawezekana kabisa kwamba dashibodi yako haijachoka na geji ya fundi nayo haina kosa, kwa sababu vifaa hivyo viwili havipimi kitu kimoja. Geji hupima ni kwa kiasi gani mgandamizo wa ndani ya tairi unauzidi mgandamizo wa hewa ya nje inayotuzunguka. Sensa iliyofungwa ndani ya rimu haina njia ya kuijua hewa ya nje, hivyo hupima mgandamizo wote uliomo humo ndani, na kompyuta ya gari ndiyo inayotoa kiasi cha hewa ya nje kabla ya kukuandikia namba kwenye kioo. Hapo ndipo penye mambo. Yapo magari yanayojua mgandamizo wa hewa ya mahali yalipo kwa msaada wa sensa nyingine ya injini, na yapo yaliyopangwa kutoa kiasi kilekile siku zote, yaani kilopaskali 101.3, ambazo ni psi 14.7, kana kwamba hayataondoka pwani hadi yafe.

Sisi hapa tuko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 89 hivi, sawa na psi 12.9. Chukua tairi ambalo geji imelisoma 32. Ndani yake mna jumla ya psi 44.9. Gari likitoa ile 14.7 ya pwani linabaki na 30.2, nalo hukuandikia 30, ambayo ndiyo namba uliyoiona. Dar hukuona tofauti kwa sababu hewa ya kule ndiyo hiyohiyo 14.7 iliyowekwa kiwandani.

Haya ni makisio yangu kwa gari ambalo sijaliona, lakini ni makisio yanayopimika. Nunua geji yako mwenyewe na usiiazimishe. Siku utakaposafiri kwenda Dar, pima alfajiri kabla ya kuondoka Dodoma, na ukilala Morogoro pima tena alfajiri, kisha Dar vivyo hivyo, kila mara uandike namba ya geji na ya dashibodi. Morogoro mjini ni takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kama nakisia sawa, pengo la psi 2 linapaswa kushuka hadi chini kidogo ya 1 ukiwa hapo, na kwisha kabisa ukifika pwani. Pengo likibaki psi 2 kila mahali, basi mimi nimekosea na mojawapo ya vifaa vyako ni kibovu.

Kuhusu alfajiri nasisitiza, kwa maana joto huharibu jaribio zima. Tairi kama lako hubadilika kwa psi 1.5 hivi kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Ukitoka hapa asubuhi ya Julai, wakati hata sisi wenyeji tunavaa masweta, na ukafika Gairo jua likiwa limepanda na matairi yamesuguana na lami kwa saa mbili, kuona 36 badala ya 30 ni jambo la kawaida kabisa. Kila mwaka nawaeleza hayo wanafunzi wa kidato cha tatu, na kila mwaka hujitokeza mmoja kuniambia kwamba baba yake hupunguza upepo akifika Gairo. Baba huyo akilala Morogoro ataamka na matairi mepesi.

Jirani zako wenye magari yaliyotoka Japani pengine hawana habari na mjadala huu, kwani Japani haikulazimisha mfumo wa kuonya upepo kwenye magari, wakati Ulaya iliulazimisha kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia Novemba 2014. Hata huko Ulaya magari mengine hayana sensa ndani ya tairi. Yanalinganisha tu kasi ya kuzunguka ya magurudumu kwa kutumia sensa za breki za ABS, na hayo hayawezi kukupa namba ya psi.

Msimamizi wa Magari, Mstaafu

Mwanangu, nimesimamia magari ya ofisi kwa miaka 24, sehemu kubwa ikiwa hapa Dodoma na Singida, na mgogoro wa dashibodi na risiti nimeusuluhisha mara nyingi kuliko ya ndoa. Mwalimu amemaliza ya upepo, mimi nishike ya mafuta.

Gari lako halina kikombe cha kupimia mafuta. Kompyuta yake inajua nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini zinafunguka kwa muda gani, tena kwa vipande vya elfu vya sekunde, na imeambiwa na kiwanda kwamba nozeli ikifunguka kwa muda fulani hupitisha kiasi fulani. Inajumlisha hivyo mamilioni ya mara, kisha inagawanya kwa umbali. Nozeli zikiwa zimechafuka au zimebadilishwa kwa zisizolingana nazo, hesabu huhama kidogo, na hata zikiwa nzima, magari mengi niliyoyapima yalijisifu kwa asilimia 5 hadi 10. Sikumbuki hata moja lililojishusha kwa kiasi hicho. Kwa hiyo 13.7 dhidi ya 12.6 haikunishtua hata kidogo.

Lakini wewe mwenyewe umetaja jambo kisha ukalipita, nalo ni la matairi. Tairi la 195/65R15 likizunguka mara moja husogeza gari mita 1.99, na la 185/65R15 mita 1.95. Gari halijui kwamba umebadilisha. Linahesabu mizunguko na kuiandika kwa vipimo vya tairi la zamani, kwa hiyo kila kilomita 100 zinazoandikwa ni kama 98 za kweli. Sasa angalia: kilomita 412 zako ni 404 hivi, na ukigawanya kwa lita 32.7 unapata 12.35. Hesabu yako ya mkono, ambayo uliiona ndiyo hakimu, nayo ilikuwa imekula rushwa kidogo, kwa sababu ilitumia odomita ileile inayotumiwa na dashibodi. Usikubali neno langu tu. Washa ramani ya simu kwenye barabara kuu, uende kilomita 50 bila kuchepuka, ulinganishe, au uhesabu nguzo za kilomita zilizopo kando ya barabara. Usilinganishe kwa spidomita, kwa maana hiyo ni habari nyingine. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya spidomita hairuhusu ionyeshe chini ya mwendo halisi, hivyo viwanda huipandisha kwa makusudi, na ndiyo maana ukienda 50 mbele ya wazee wa tochi simu yako inaweza kusema 47.

Jambo jingine, tanki moja halitoshi kuhukumu. Pampu hujikata mapema au kwa kuchelewa kutegemea kasi ya mafuta na jinsi gari lilivyosimama. Tulikuwa na pikapu moja ambayo wiki hii ilisoma kilomita 10 kwa lita na wiki inayofuata 14, dereva akaandikiwa barua mbili za kujieleza, hadi siku niliyokwenda naye mwenyewe nikaona kwamba sakafu ya pampu namba 3 imeinama upande wa tundu la tanki na ya pampu namba 1 iko sawa. Barua zile tulizifuta. Lita moja ikipungua katika 33 tayari umeshakosea kwa asilimia 3. Jaza mara tatu au nne, sheli ileile, pampu ileile, simama palepale, acha mara ya kwanza inapojikata na usimruhusu mhudumu aongeze ili kukamilisha elfu. Kisha jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye. Usichukue wastani wa wastani. Kilomita 300 kwa lita 30 na kilomita 300 kwa lita 20 si 12.5, ni 12 kamili, na vijana wengi wa uhasibu niliowapokea walinishangaa kwa hilo.

Pampu ya sheli iache kwanza. Wakala wa Vipimo huzihakiki na kuzibandika stika, na ukiwa na shaka ya kweli una haki ya kulalamika kwao, lakini huwezi kuituhumu kwa ushahidi wa tanki moja na dashibodi inayojisifu.

Wapo watakaokuambia mafuta yamepotea kwa sababu ya upepo mdogo. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba matumizi huharibika kwa asilimia 0.2 kwa kila psi 1 inayopungua katika matairi yote. Psi 2 zako, hata zingekuwa zimepungua kweli, ni asilimia 0.4. Haziwezi kubeba lawama ya asilimia 9.

Fundi wa Matairi, Sabasaba

Bosi, nimewasoma wazee wawili hapo juu, na kuhusu mwinuko sibishani na Mwalimu, kwa sababu madereva wa malori yanayopanda kutoka Dar huniletea malalamiko hayohayo. Nina maneno mawili tu.

La kwanza ni geji. Geji zetu nyingi za mtaani huanguka chini mara kumi kwa siku, na ile ya fimbo inayochomoza ikiingia vumbi la Dodoma hukwama. Mimi nina mbili, na zikipishana zaidi ya psi 1 naitupa iliyozeeka. Kwa hiyo ukinunua yako, iulize kwa kuilinganisha na za mafundi wawili watatu kabla ya kuifanya msahafu. Na ukijaza, jaza kwa geji, usijaze kwa kioo, kwa maana ile 32 ya kwenye kibandiko ni 32 ya geji. Ukijaza hadi kioo kiseme 32 utakuwa umeweka 34. Tairi halitapasuka kwa hilo, ila gari litadunda kwenye matuta ya Nzuguni.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Umesema matairi matatu yalisoma 30 na la nyuma kushoto 28. Fundi alipima ya mbele. Mbona la nyuma kushoto halikupimwa? Habari ya mwinuko inayakata matairi yote manne kwa kiasi kimoja, haiwezi kuchagua moja. Kama gari lililala palepale, jua halijatoka, na tairi moja linasoma psi 2 chini ya wenzake, hilo ni tairi linalopumua. Usisubiri taa ya onyo la upepo kwenye dashibodi. Kwa kanuni ya Marekani, kwa mfano, taa hutakiwa kuwaka upepo ukishuka kwa asilimia 25, yaani tairi la 32 linaweza kufika 24 ndipo uambiwe. Lipeleke limwagiwe povu la sabuni, kuanzia kwenye valvu, kisha ukingo wa rimu, kisha kashata zote, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara.

Na kwa kuwa gari ni la 2015, ujue betri zilizomo ndani ya sensa hizo hudumu miaka 5 hadi 10, na haziwekwi chaji. Taa ikianza kupepesa kwa kama dakika moja kila unapowasha gari kisha ikatulia ikiwa inawaka, hiyo mara nyingi si pancha, ni mfumo wenyewe unaoomba msaada. Ukibadilisha tairi mwambie fundi mapema kwamba ndani mna sensa, kwa maana asiyejua ataivunja kwa pao la kutolea tairi.

Mhamiaji wa Ilazo

Wakuu, naomba radhi kwa kupotea kwa wiki tano. Nilitaka nirudi na namba.

Fundi, ulikuwa umeona mbali. Kesho yake nilipeleka tairi la nyuma kushoto, geji ikasoma 30 badala ya 32, na povu likaanza kuchemka polepole karibu na ukingo wa kashata ya pili. Kulikuwa na msumari wa bati umezama wote hadi kichwani, kichwa kimeshasagwa na lami kikang'aa kama shilingi. Mtaani kwetu kila kiwanja cha tatu kinaezekwa, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza umetoka wapi. Liliwekwa kiraka kwa ndani, sensa ikasalimika, na tangu siku hiyo linasoma sawa na wenzake. Nakiri kwamba kama ningesoma jibu la Mwalimu peke yake ningelala usingizi nikiamini yote ni mambo ya mwinuko.

Mwalimu, jaribio lako nimelifanya. Nilinunua geji ya kidijitali inayosoma hadi nusu ya psi, nikailinganisha na za mafundi watatu hapa mjini, wawili wakakubaliana nayo na wa tatu akasema yake ni ya urithi. Dodoma, saa kumi na mbili kasoro asubuhi: geji 32, dashibodi 30. Morogoro, nilipolala kwa shemeji, saa ileile: geji 31.5, dashibodi 31. Dar, asubuhi ya siku iliyofuata: geji 31, dashibodi 31. Kilichonishangaza ni kwamba geji ilikuwa ikishuka huku dashibodi ikipanda, nikadhani nimeharibu, hadi nilipokaa na karatasi nikaona kwamba hewa ya pwani ni nzito zaidi na asubuhi za kule zina joto zaidi, na kila kifaa kilikuwa kikisema ukweli wake.

Mzee wetu Mstaafu, nimetii kila neno. Nimejaza mara tatu kwenye pampu ileile, na mhudumu sasa akiniona anacheka kwa sababu anajua sitaki elfu ikamilishwe. Jumla ni kilomita 1,236 na lita 94.5, ambazo ni 13.08 kwa lita kwa odomita ya gari. Simu kwenye kipande cha kilomita 50 kati ya Mbande na Dodoma ilisoma 49, kwa hiyo kilomita zangu za kweli ni 1,211 na wastani ni 12.8. Dashibodi kwa muda huohuo iliandika 14.2. Nimegundua kwamba nikichukua namba yake yoyote nikaizidisha kwa 0.9 napata ukweli kwa karibu sana, hata ile 13.7 ya mwanzo inanipa 12.3. Sheli sijailalamikia.

Kwenda Dar ilionyesha matumizi madogo kuliko kurudi, jambo ambalo nadhani halihitaji jukwaa kulieleza, kwa maana kurudi ni kupanda. Na mke wangu ameandika "0.9" kwenye kipande cha plasta ya karatasi na kukibandika chini ya kioo cha dashibodi, ili nisimwombe tena anishikie simu ya kupigia hesabu tukiwa njiani.